Mnada wa Sherifu (3): Mnada umekwisha, nyumba bado ina mwenyewe

Oktoba 2025 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubali kusikiliza kesi ya Pung dhidi ya Kaunti ya Isabella, kutoka jimbo la Michigan. Deni lilikuwa la kodi ya nyumba, kama dola 2,200 hivi, na familia ilikuwa ikilipinga. Kaunti ikaitwaa nyumba na kuinadi kwa dola 76,008. Nyumba hiyo hiyo, katika vitabu vya kodi vya serikali yenyewe, ilikuwa imethaminiwa zaidi ya dola 194,000. Swali lililopelekwa mbele ya majaji ni hili: mwenye nyumba anayestahili kurudishiwa ziada, arudishiwe ziada ya bei iliyopatikana mnadani, au ya thamani halisi ya nyumba yake?

Kwa anayetafuta nyumba ya bei nafuu, pengo kati ya tarakimu hizo mbili ndiyo asali ya mnada. Kwangu mimi ndipo ilipo kesi nzima. Fedha ambayo mnunuzi hakuitoa haikuyeyuka. Kuna mtu mwingine aliyeitoa, naye hakuulizwa.

Katika sehemu ya kwanza tulieleza jinsi rehani ya Marekani inavyoandikwa, na katika ya pili tukafuata safari ya notisi, tangu mdaiwa anaposhindwa kulipa hadi tangazo linapotoka gazetini. Sitayarudia hayo. Leo tumefika kwenye mnada wenyewe, na nimechagua jimbo la Minnesota kwa sababu mbili. Kwanza, wengi walioniandikia wana ndugu huko, maana Minneapolis na vitongoji vyake ni makazi ya Wakenya, Wasomali na watu wengine wengi wa upande wetu. Pili, kesi mbili nzito kuhusu nyumba na deni zimetoka katika mji huo huo wa Minneapolis, moja mwaka 1934 na nyingine 2023. Lakini asiyejua mnada huu ulikotoka atauona mwili wake tu asiione roho yake. Kwa hiyo tuanze mbali kidogo, na mhariri anivumilie.

Sherifu na Mfalme John

Mwaka 1215 makabaila wa Uingereza walimlazimisha Mfalme John kuutia muhuri mkataba unaojulikana kama Magna Carta. Watu huukumbuka kwa habari za uhuru na hukumu ya haki. Wachache hukumbuka kuwa vifungu vyake kadhaa vinahusu madeni, na kwamba sherifu, yule afisa wa mfalme katika kila jimbo, anatajwa humo kama mtu wa kuchungwa. Kifungu cha 9 kinakataza ardhi ya mdaiwa kukamatwa maadamu vitu vyake vinavyohamishika vinatosha kulipa. Kifungu cha 26 kinaruhusu sherifu kukamata mali ya marehemu aliyekuwa akidaiwa na mfalme, lakini kwa kiasi cha deni tu, tena mbele ya mashahidi waaminifu. Kinachobaki ni cha wasimamizi wa mirathi.

Someni tena neno hilo: kinachobaki. Zaidi ya miaka mia nane iliyopita, katika nchi ambayo mfalme aliweza kumtia mtu gerezani kwa kukunja uso, ilikuwa imekwisha kukubalika kwamba mdai achukue chake na asiguse cha mwenzake. Kanuni hiyo ni nyepesi hata mtoto anaielewa. Kinachonishangaza ni mara ngapi watu wazima wenye shahada wamehitaji kukumbushwa.

Hatua ya pili ilikuja karne ya 17. Mikataba ya rehani ya zamani ilikuwa mikali: usipolipa siku iliyoandikwa, ardhi imekwenda moja kwa moja, hata kama umechelewa siku moja tu na hata kama deni ni sehemu ndogo ya thamani ya shamba. Wadaiwa wakakimbilia kwa Chansela wa mfalme, ambaye mahakama yake iliangalia haki zaidi ya herufi. Chansela akaamua kwamba rehani ni dhamana ya deni na si mtego wa kunyang'anyia ardhi, na kwamba aliyechelewa ana haki ya kuleta fedha pamoja na riba na gharama akakomboa mali yake. Wakopeshaji wakalalamika kuwa sasa hawana usalama, maana mdaiwa anaweza kutokea baada ya miaka kumi na mfuko wake. Ndipo mahakama ikabuni amri ya kuifunga haki hiyo: mdaiwa anapewa muda, ukipita, mlango wa kukomboa umefungwa. Hiyo ndiyo hatua ambayo leo, kwenye magazeti ya Marekani, inaonekana kama unyang'anyi wa benki. Kwa asili yake ni kikomo kilichowekwa kwenye huruma, na huruma ndiyo iliyotangulia.

Wala Waingereza hawakuwa wa kwanza. Kitabu cha Walawi, sura ya 25, kinampa aliyeuza nyumba ndani ya mji wenye ukuta mwaka mzima wa kuikomboa. Kurani, katika sura ya Baqara aya ya 280, inaamuru mdaiwa aliye katika dhiki asubiriwe mpaka apate nafuu. Wafanyabiashara waliozaliwa katika dini hizo wanajua aya nyingine zote isipokuwa hizo.

Minada ya senti

Sasa tuvuke bahari. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 bei za mahindi, ngano na nguruwe katika majimbo ya kati ya Marekani zilianguka vibaya, na wakulima waliokopa wakati wa neema wakashindwa kulipa. Sherifu wa kila kaunti akawa na kazi ya kunadi mashamba na mifugo ya majirani zake, watu waliompigia kura.

Mwaka 1931, katika Kaunti ya Madison, jimbo la Nebraska, benki ilileta mnadani mali ya familia moja ya wakulima. Umati ulikuwa mkubwa, na benki ikatazamia mavuno. Dalali akanadi kitu cha kwanza. Mtu mmoja akataja senti tano. Dalali akasubiri apandishe mwingine, kimya. Kitu cha pili vivyo hivyo, na cha tatu. Mgeni aliyetaka kupandisha bei alijikuta amezungukwa na wanaume wenye mabega mapana waliomtazama tu. Mnada ulipofungwa, jumla ilikuwa dola 5 na senti 35, na mali ikarudi kwa wenyewe. Mtindo huo ukaenea majimbo kadhaa ukapewa jina la minada ya senti.

Sisemi yote yaliyofanyika yalikuwa mema. Aprili 1933 katika mji wa Le Mars, jimbo la Iowa, wakulima walimvamia Jaji Charles Bradley mahakamani, wakamtaka aape kwamba hatatia saini tena amri za kuuza mashamba. Akakataa. Wakampeleka nje ya mji, wakamvisha kitanzi shingoni, wakamwaga uchafu kichwani pake, naye akaendelea kukataa mpaka wakamwacha. Gavana wa Iowa akapeleka askari. Jaji yule alikuwa akitetea sheria iliyoandikwa na wale wakulima walikuwa wakitetea ile ya Chansela, na nchi ambayo imeziacha sheria hizo mbili zigombane njia panda imechelewa mahali fulani.

Minnesota iliwahi. Februari 1933 Gavana Floyd B. Olson aliwaamuru masherifu wasimamishe minada ya nyumba na mashamba ya rehani, na Aprili 18 bunge la jimbo likapitisha sheria ya kumwezesha mdaiwa kwenda mahakamani kuomba muda zaidi wa kukomboa, mwisho wake Mei 1, 1935. Bila kuchelewa wakopeshaji wakaipinga.

Kesi iliyofika juu ni ya familia ya Blaisdell wa Minneapolis. Walikuwa na nyumba ya vyumba 14. Wao wakiishi sehemu, nyingine wakipangisha. Mei 2, 1932 sherifu aliinadi, na mkopeshaji mwenyewe akainunua kwa dola 3,700 na senti 98. Sheria ya wakati huo iliwapa mwaka mmoja wa kukomboa. Mwaka ukakaribia kuisha na fedha hakuna. Mahakama ikawaongezea muda kwa sharti: walipe dola 40 kila mwezi, kiasi kilichoonekana kuwa kodi ya haki kwa nyumba ile, ziende kwenye kodi ya serikali, bima, riba na deni. Januari 8, 1934 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 5 dhidi ya 4, ikaibariki sheria hiyo. Jaji Mkuu Charles Evans Hughes aliandika kwamba dharura haiipi serikali mamlaka mapya, ila inaweza kuwa sababu ya kuyatumia yale iliyo nayo. Jaji Sutherland alipinga kwa ukali, akiona kwamba mkataba unaovunjwa wakati wa shida si mkataba tena. Nimezisoma hukumu zote mbili mara nyingi kwa miaka mingi, na kila mara Sutherland hunishinda kwa hoja, Hughes hunishinda kwa ubinadamu. Nipo upande wa Hughes. Muda uliongezwa, lakini deni halikufutwa wala mdai hakunyimwa kodi ya nyumba wakati akisubiri. Dawa ya deni kulipa, na mtu hulipa akipewa nafasi ya kupumua.

Mwaka ule ule, Zanzibar

Sitaweza kupita 1934 bila kutaja Unguja na Pemba. Katika karne ya 19 wenye mashamba ya mikarafuu walikopa kwa wakopeshaji wa Kihindi kwa mkataba wa khiyari: shamba "linauzwa" kwa mkopeshaji kwa kiasi cha mkopo, muuzaji akibaki na khiyari ya kulikomboa ndani ya muda fulani, huku akiendelea kukaa shambani na kulipa ijara. Kwa maandishi ni mauzo na upangaji, jambo lisilogusa riba. Kwa vitendo ni rehani iliyovaa kanzu. Bei ya karafuu ilipoanguka wakati wa mdororo wa dunia, mashamba mengi yalikuwa yakielekea kuhamia moja kwa moja kwa wakopeshaji. Mwaka 1934 serikali ya Zanzibar ikatoa amri za kuzuia ardhi kuhama na kusimamisha kwa muda utwaaji wa mashamba ya wadaiwa. Wahindi wakalalamika kwamba amri zile zilikuwa za ubaguzi, na serikali ya India ikamtuma K.P.S. Menon kuja kuchunguza.

Malalamiko yao hayakuwa ya bure, maana Waingereza walikuwa na hesabu zao za kisiasa. Hata hivyo natamani mwanafunzi mmoja wa sheria wa Dar es Salaam au Zanzibar aweke amri zile na hukumu ya Blaisdell mezani pamoja. Mkulima wa mahindi Minnesota na mwenye mikarafuu Pemba, kwa mwaka mmoja, walikuwa wakiomba kitu kimoja: si msamaha, bali muda. Tunafundisha historia yetu kana kwamba iliishia ufukweni.

Nini hasa kinanunuliwa

Nafasi inanibana, kwa hiyo nije kwenye swali la wengi.

Msomaji wa Nairobi amezoea mnada ambao mnadani ndipo mambo yote huishia. Sheria ya Ardhi ya Kenya ya 2012 inampa mdaiwa notisi ya siku 90, kisha ya siku 40 kabla ya kuuza, na kanuni za madalali zinaongeza siku 45 za kukomboa. Lakini nyundo ikigonga, haki ya kukomboa imekufa. Muda wote wa huruma umewekwa kabla ya mnada.

Minnesota wameugawa. Rehani nyingi huuzwa kwa njia ya tangazo, bila kesi mahakamani: tangazo linachapishwa wiki sita, na anayekaa katika nyumba anakabidhiwa notisi angalau wiki nne kabla. Siku ikifika, ofisini kwa sherifu, afisa anasoma karatasi: majina ya waliokopa, tarehe ya rehani, deni lilivyo siku hiyo, namba ya kiwanja. Zabuni ya benki mara nyingi imekwisha kuletwa kwa maandishi na wakili, nayo hailipi taslimu, inatumia deni lenyewe. Afisa anauliza kama kuna mwingine. Mara nyingi hakuna. Akiwapo, atataja zaidi na kulipa hapo hapo kwa fedha kamili. Hakuna mkopo wa nyumba unaosubiri foleni hiyo. Shughuli nzima huweza kumalizika kabla kahawa haijapoa.

Mshindi hapewi ufunguo. Anapewa cheti cha mauzo cha sherifu, ambacho kinatakiwa kusajiliwa ndani ya siku 20. Kuanzia siku ya mnada mwenye nyumba ana miezi sita, kwa kawaida, ya kukomboa. Mwaka mzima kwa baadhi ya nyumba na mashamba. Na wiki tano tu ikiwa mahakama imeridhika kwamba nyumba imetelekezwa. Miezi hiyo yote yeye ndiye anayekaa ndani. Mnunuzi haruhusiwi kuingia kupima jikoni. Mwenye nyumba akileta bei ya mnada pamoja na riba na gharama halali, mnunuzi anachukua fedha zake na kwenda nyumbani. Riba hiyo kwa kawaida ni ile ya rehani yenyewe, na rehani nyingi za 2021 zilikuwa za asilimia tatu hivi. Mnunuzi asidhani amepata biashara. Mwenye nyumba asipokomboa, wadai wengine wenye rehani za nyuma waliosajili nia yao wanaweza kukomboa kwa zamu, kila mmoja siku saba. Zamu zote zikipita ndipo cheti kinageuka umiliki, na kama aliyemo hataki kutoka, kuna kesi ya kumtoa.

Kuna mtego mmoja unaowameza wageni. Mnada unafuta rehani zilizo nyuma ya ile inayouzwa, haufuti zilizo mbele yake. Ukinunua katika mnada wa rehani ya pili kwa dola 30,000 ukashangilia, rehani ya kwanza ya dola 200,000 ingali imekaa juu ya nyumba, na kodi ya majengo iliyolimbikizwa pia. Sherifu hatakuambia, si kazi yake. Anauza alichonacho bila dhamana yoyote. Rahisi huvunja upishi. Wakili wa ardhi wa jimbo husika, akiwa amepekua masjala kabla ya mnada, ni gharama ndogo kuliko machozi. Tena asikudanganye jamaa wa jimbo jingine: Ohio mnada wa kwanza hauruhusiwi kushuka chini ya theluthi mbili za thamani iliyokadiriwa, na mwenye nyumba anaweza kukomboa mpaka mahakama ithibitishe mauzo, Pennsylvania hakuna miezi ya kukomboa baada ya mnada wa rehani. Kila jimbo na ada yake.

Ziada ni ya nani

Kesi ya 2023 ni ya Tyler dhidi ya Kaunti ya Hennepin, ambamo ndimo ulimo mji wa Minneapolis. Bibi aliyekuwa na miaka 94 kesi ilipoamuliwa alikuwa amekwisha kuhamia kwenye nyumba za wazee, akaacha fleti yake ya chumba kimoja bila kulipiwa kodi. Kodi yenyewe ilikuwa kama dola 2,300. Riba na faini zikaifikisha dola 15,000. Kaunti ikaichukua fleti, ikaiuza dola 40,000, ikajiwekea zote. Mei 25, 2023 majaji wote tisa walisema hapana: dola 25,000 zilizozidi hazikuwa za kaunti. Na katika kueleza sababu, Jaji Mkuu John Roberts alirudi hadi Magna Carta, kwa sherifu wa Mfalme John na kile kinachobaki. Hii ilikuwa nyumba iliyotwaliwa kwa kodi, wala haikuuzwa kwa rehani, lakini kanuni ni moja. Katika mnada wa rehani wa Minnesota pia ziada ni ya mwenye nyumba, ila hulipwa akiidai. Ndugu zetu wengi waliopoteza nyumba huondoka na aibu yao bila kuuliza. Waulize.

Kwa anayenunua, rai yangu ni fupi. Usiende mnadani kama hujakubali moyoni kwamba mwenye nyumba anaweza kukomboa, na kwamba akikomboa hujaonewa. Usimfuate mlangoni katika miezi yake sita kumtisha au kumrubuni auze haki yake kwa bei ya kutupa. Wako wanaofanya hivyo, na baadhi yao wanazungumza Kiswahili fasaha. Ukitaka aondoke mapema, mlipe kwa haki, kwa maandishi, naye akiwa na wakili wake. Bei ya chini ya mnada ni malipo ya subira yako na hatari unayobeba. Ukiitaka bei bila subira, unataka kurudisha ule mkataba wa siku moja ambao Chansela aliukataa.

Sehemu ya nne itahusu kupekua masjala ya kaunti: rehani ipi iko mbele, ipi iko nyuma, na madeni ya kodi yanasomwaje. Wenye maswali wayatume kabla, na wataje jimbo.